Pampu ikae nyuma, nitukaneni

Wasee wa "usiguse, ni orijino", leo mtanisamehe. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally 1971 na 1973, sawa, lakini kabureta zake zimekaa juu ya eksozi. Msongamano wa Thika Road, jua la saa saba: petroli inageuka mvuke kwa paipu, gari inazima. Halafu fundi anakufungia pampu ya umeme hapo hapo kando ya injini! Bana, pampu hiyo inajua kusukuma, kuvuta haiwezi. Ipeleke nyuma, chini ya usawa wa tangi, filta itangulie ndio kutu isiifikie. Na swichi ya kuikata ukigonga, ama unataka imwage petroli kwa moto? Ya mjomba nilitoboa bodi matundu mawili. Haijazima tena.