Sambusa ya mtoto: usiangalie kabati, angalia karai

Karibu kila wiki wazazi wa Bukoba huniuliza swali ambalo halimo katika kitabu chochote nilichosomea: "Daktari, sambusa nzuri ya nyama hapa mjini inauzwa wapi?" Anayeuliza ana mtoto anayepewa shilingi mia tano ya kula shuleni, au anasafiri na basi la alfajiri, au anauguza mtu wodini na hana pa kupikia. Na anamuuliza daktari badala ya jirani kwa sababu sambusa ya mara ya mwisho iliishia kwenye beseni la kutapikia.

Sitataja jina la duka wala la mama lishe. Hata nikitaja leo, kesho mpishi amebadilika na jina limebaki lile lile. Nitaeleza kinachoharibu sambusa, halafu msomaji atafute mwenyewe, iwe Kashai, Hamugembe, Rwamishenye au kwenye gulio huko Muleba. Jibu linaweza kuwashangaza waliozoea kuchagua kwa macho.

Nyama ya jana, unga wa leo

Wengi hudhani sambusa ni salama kwa kuwa imepita kwenye mafuta ya moto. Ni kweli, mafuta ya kukaangia hufika nyuzijoto 160 hadi 180. Lakini joto hilo liko nje. Sambusa inakaa karaini dakika chache, ngozi inageuka rangi, inatolewa. Kule katikati, kwenye nyama, joto linategemea kama nyama ilifungwa ikiwa ya baridi, na sambusa ina unene gani.

Nyama yenyewe mara nyingi imepikwa tangu jioni. Mpishi anayeamka saa tisa usiku hawezi kusaga nyama, kuipika, kukanda unga, kusukuma, kufunga na kukaanga, vyote alfajiri hiyo hiyo. Simlaumu. Shida ni sufuria kubwa iliyofunikwa na kuachwa jikoni bila jokofu. Inapoa polepole sana, na kwa saa nyingi inabaki na uvuguvugu kama wa mwili wa binadamu. Bakteria wanaotuumiza tumbo huzaliana kati ya nyuzi 5 na 60, na katika uvuguvugu kama huo baadhi yao hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Anza na mmoja tu, mpe saa sita: wanakuwa zaidi ya 260,000.

Msomaji atasema, basi si watakufa asubuhi wakikaangwa? Wapo wanaokufa. Lakini kuna stafilokokasi, wanaoishi puani na kwenye vidonda vidogo vya vidole vya mpishi. Wakizaliana kwenye nyama huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mwenye sumu hiyo tumboni hutapika ndani ya saa 1 hadi 6. Wapo pia klostridiamu, ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa, zikaamka nyama inapopoa. Hao huleta msokoto wa tumbo na kuhara, kwa kawaida saa 6 hadi 24 baada ya kula. Salmonela huchukua saa 6 hadi siku tatu, na mara nyingi huja na homa.

Kwa hiyo mzazi akinieleza mtoto alikula saa ngapi na alianza kutapika saa ngapi, amenipa nusu ya jibu kabla sijamgusa mgonjwa. Na hapa niseme jambo linaloniudhi. Mtoto amekula sambusa saa nne asubuhi, ametapika saa saba mchana, jioni anapimwa damu kwa kipimo cha Widal na mzazi anaambiwa "ana taifodi", analipia dawa za siku saba au zaidi. Taifodi huchukua takriban siku 6 hadi 30 kabla ya kuonyesha dalili. Haiwezi kutokana na sambusa ya asubuhi ile. Kipimo cha Widal kinaweza kuonyesha kinga ya maambukizi ya zamani, na peke yake hakitoshi kumtangaza mtu mgonjwa. Cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara. Mzazi ana haki ya kumuuliza daktari kwa adabu: "Ni nini kingine kinachokuonyesha kwamba hii ni taifodi?"

Ndoo, kabati na karai

Sasa twende mtaani. Sambusa zetu huuzwa kwa njia tatu.

Ya kwanza ni ndoo ya plastiki yenye mfuniko, anayotembea nayo kijana stendi, nje ya shule, na uwanja wa Kaitaba siku za mechi. Sambusa zinaingia zikiwa moto, mfuniko unafungwa, mvuke unabaki humo humo. Zinalainika na kukaa na uvuguvugu kwa saa nyingi. Kama ningetaka kuotesha bakteria bila vifaa vya maabara, ningetafuta chombo cha namna hiyo. Tena kijana anayeuza siye aliyepika. Ukimuuliza zimekaangwa lini atakujibu "sasa hivi", na pengine anaamini hivyo, kwa kuwa alikabidhiwa sasa hivi.

Ya pili ni kabati la kioo lenye taa. Hili ndilo linaloaminiwa na wazazi wengi: vioo vinang'aa, hakuna nzi, muuzaji ana koleo. Lakini makabati mengi ni ya kuonyeshea tu. Taa ile huleta joto kidogo, halifiki nyuzi 60. Sambusa iliyowekwa saa moja asubuhi ikauzwa saa tisa alasiri imekaa saa nane katika joto la hatari, nyuma ya kioo safi.

Ya tatu ni karai juu ya mkaa, moshi, na foleni. Nenda kwenye gulio lolote la Muleba siku ya gulio uone. Pembeni kuna tope na karai ni jeusi. Lakini sambusa inatoka mafutani na kuingia mkononi mwa mnunuzi ndani ya dakika chache, kwa sababu watu ni wengi na hakuna ya kulala. Nikilazimika kumnunulia mwanangu moja kati ya hizo tatu, nachagua hiyo, kwa sharti kwamba mama yule anashika hela kwa mkono mmoja na sambusa kwa koleo au karatasi, na kwamba maji ya kunawa yapo.

(Wachina wana mkate wao wenye nyama ndani unaopikwa kwa mvuke, na huuzwa ukitoka chunguni vile vile. Sisi tunaofunika ndizi kwa majani ya mgomba tunaujua mvuke vizuri. Siku mmoja wetu akijaribu sambusa ya mvuke, wagonjwa wangu wa presha watakuwa wa kwanza kwenye foleni.)

Wanaofahamu senene watauliza mbona hao hukaa muda mrefu wasidhuru. Senene waliokaangwa wakakauka hawana maji ya kutosha kwa bakteria kuzaliana. Sambusa ina nyama, kitunguu na majimaji. Ni kitu kingine kabisa.

Anayekagua anakagua nini?

Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishwa kutoka TFDA kwenda TBS. Mabadiliko hayo yanaonekana kwenye vyakula vya viwandani, vyenye pakiti na nembo. Sambusa haina pakiti. Aliye karibu nayo ni afisa afya wa kata, mwenye vyoo, visima, nyumba za wageni na mabucha ya kukagua, na mara nyingi bila hata kipimajoto cha chakula. Anakagua kwa macho. Na kwa macho, kabati la kioo linafaulu, karai la kando ya barabara linafeli.

Matokeo yake tunayajua. Mwishoni mwa 2018 Serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Vilimpa mwenye karai nafasi ya kufanya kazi bila kubughudhiwa, ingawa havikumletea bomba la maji. Mwaka 2021 ikaja operesheni ya kuwahamisha wamachinga kutoka kando ya barabara katika miji mingi nchini. Naielewa hoja ya barabara kupitika. Lakini mpishi aliyeondolewa barabarani haachi kupika, maana watoto wake wanasubiri ada. Anapikia nyumbani na kuwapa vijana ndoo. Kwa macho ya mipango miji hilo ni usafi. Kwa macho yangu, chakula kimetolewa kwenye moto kikawekwa kwenye uvuguvugu.

Tumewahi kuonyesha kwamba tunaweza zaidi. Machi 21, 2023 ulipotangazwa mlipuko wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba, uliougusa watu tisa na kuua sita hadi ulipotangazwa kuisha Juni 2, ndoo za maji tiririka na sabuni zilipangwa kwenye milango ya migahawa na vituo vya mabasi. Marburg haiji kwa sambusa. Mtu huipata kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa aliyekufa nayo. Lakini mikono iliyonawa kwa hofu ya Marburg ilikuwa pia mikono isiyobeba kuhara. Ugonjwa ulirudi mkoani, Biharamulo, Januari 2025, na tukakumbushana tena. Leo pita uhesabu ndoo zenye maji. Ningependa halmashauri zetu, ya Manispaa ya Bukoba na ya Muleba, ziwatengee wenye makarai sehemu yenye maji na paa, na ziwape maafisa afya vipimajoto.

Kuna jambo la nyama yenyewe. Nyama ya buchani inapaswa kuwa na mhuri wa mkaguzi. Ikishasagwa, mhuri haupo tena, na hapo ndipo nyama ya kibudu hupata mlango. Mwaka 2023 wenzetu wa Kyotera, Uganda, ng'ambo tu ya Mutukula, waliugua na wengine wakafa kwa kimeta baada ya kushika au kula nyama ya ng'ombe waliokufa wenyewe. Mbegu za kimeta hustahimili kuchemshwa kwa kawaida. Nyama ya bei ya chini kupita kiasi ina sababu yake. Sambusa yenye viazi na karoti nyingi na nyama kidogo ya mhuri ni bora kuliko iliyojaa nyama isiyojulikana ilikotoka.

Mafuta nitayapitia haraka. Sehemu kubwa ya mafuta yetu ya kula hutoka nje, na mwaka 2022 bei ilipanda kwa vita vya Ukraine na Indonesia kuzuia mawese. Mafuta yakiwa ghali, hakuna anayeyamwaga. Yakiwa meusi, yakitoa povu na moshi, usile, hasa wewe mwenye presha, kisukari au lehemu nyingi. Kwa wagonjwa wangu hao ruhusa ni sambusa moja mara mojamoja, si tatu za kila asubuhi, na wakumbuke chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai.

Mtoto akishaugua

Katika shule zisizo na uji, sambusa ndiyo chakula cha mchana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na Kagera, pamoja na ndizi, maharage na samaki wetu, imekuwa juu ya wastani huo. Kuhara kwa mara kwa mara ni mojawapo ya sababu. Kamati ya shule inayokubaliana na wazazi kuhusu uji wa saa nne inapunguza pia foleni yangu.

Mtoto akianza kutapika au kuhara, mpe maji ya ORS kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko, hata kama anatapika. Subiri dakika kumi, uendelee. Anayenyonya aendelee kunyonya. Akiwa anahara, aongezewe zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa wa chini ya miezi sita. Usimpe dawa ya kuzuia kuhara, wala antibayotiki iliyobaki ya kaka yake. Mtu mzima mwenye kisukari anayetapika asiache insulini kwa uamuzi wake; apime sukari na aende kituoni. Anayetumia dawa ya presha inayokojoza aulize kabla ya kumeza dozi inayofuata.

Damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, mtoto kushindwa kunywa au kutapika kila kitu, kutokojoa kwa saa sita au zaidi, degedege, au ulegevu wa kutoamka vizuri: akiwa na hata dalili moja kati ya hizo, nenda hospitali iliyo karibu nawe, ukiwa Bukoba mjini Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ukiwa Muleba Rubya, Ndolage au Kagondo, na usisubiri kupambazuke.