MALI BILA YA DAFTARI

Wazee wetu walisema: mali bila ya daftari hupotea bila ya khabari. Neno hilo walimwambia mfanya biashara aliyekopesha bila ya kuandika, akaja kujikuta duka limekwisha na wadeni hawajui. Sisi leo twalichukua neno lao tukaliweke juu ya mali ya namna nyengine, isiyokuwa ya duka wala ya shamba, ambayo kila mmoja wetu ana sehemu yake ndani yake na walio wengi hawajapata hata siku moja kwenda kuitazama. Mali hiyo ni maktaba ya umma.

Hivi karibuni mmoja katika wenzetu aliingia katika maktaba moja ya umma. Akaona meza zimejaa vijana, na moyo wake ukafurahi. Lakini alipotazama vizuri aliona kwamba kila kijana ana daftari lake la skuli na karatasi zake za mtihani alizokuja nazo kutoka nyumbani. Kitabu cha maktaba hapana hata kimoja juu ya meza. Vijana wale walifuata meza, taa na utulivu, na hapana wa kuwalaumu, kwani majumbani mwao huenda hayapatikani hayo. Mwenzetu akaenda kwenye rafu, akatoa kitabu, akafungua jalada la nyuma penye ile karatasi ya kugongwa tarehe. Muhuri wa mwisho ulikuwa umegongwa kabla ya vijana wale kuanza darasa la kwanza.

Akamwendea mkutubi, mama mtu mzima, akamwuliza: “Bimkubwa, kwani vitabu hivi haviazimwi?”

Mama yule akamjibu: “Mwanangu, hawaulizi. Na mimi nikenda kuomba fedha za vitabu vyengine nitaulizwa, hivyo vilivyopo vinasomwa na nani? Nitawaonesha daftari gani?”

Ndugu zetu wanachama, jawabu la mama yule ndilo lililotutia kalamu mkononi. Maana maktaba haifi kwa moto wala kwa mchwa peke yake. Hufa kwa daftari tupu.

Huenda akatokea wa kusema kwamba haya ni maneno ya kutisha watu, na kwamba maktaba ikishajengwa imejengwa. Mwenye kusema hivyo na aitazame Uingereza, nchi ambayo watu wengi huidhani kuwa imekwisha kuyamaliza mambo haya tangu zamani. Sheria ya kwanza ya maktaba za umma huko ilipitishwa mwaka 1850. Iliipa miji mikubwa ruhusa ya kutoza nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya majumba, ili maktaba ipatikane bila ya msomaji kulipa. Lakini sheria hiyo ilikuwa na ajabu yake: fedha ziliruhusiwa kwa jengo na kwa watumishi, haziruhusiwi kununua kitabu! Vitabu vilitarajiwa viletwe na wahisani. Ilibidi ingojwe sheria nyengine, ya mwaka 1855, ndipo kodi ikapandishwa kufika peni moja na vitabu vikaruhusiwa kununuliwa. Tumelitaja hilo kwa sababu ugonjwa wenyewe haujaondoka duniani. Hata leo wako wanaodhani kwamba maktaba ni kuta, utepe wa kukatwa na picha ya siku ya ufunguzi, na kwamba vitabu vitakuja vyenyewe kwa meli ya sadaka.

Basi nchi hiyo yenye sheria ya zaidi ya miaka 150 ilifikwa na nini? Wahasibu wa fedha za umma wa huko walihesabu, mwaka 2019, kwamba tangu mwaka 2010 maktaba zipatazo karibu 800 zilikuwa zimefungwa. Hazikufungwa kwa vita. Zilifungwa kwa karatasi za hesabu, serikali za mitaa zilipopunguziwa fedha na kutafuta mahali pa kukata.

Moja katika hizo ni maktaba ya Kensal Rise, kaskazini-magharibi ya London, ambayo ilifunguliwa mwaka 1900 na Mark Twain, mwandishi mashuhuri wa Marekani. Halmashauri ya Brent iliifunga mwaka 2011 pamoja na nyengine tano. Wakaazi hawakukubali. Walikwenda mahakamani, wakashindwa; wakakaa mlangoni kwa zamu kulinda vitabu. Mwezi wa Mei mwaka 2012, kabla ya alfajiri, watumishi wa halmashauri walikuja na askari polisi, wakaingia, wakatoa vitabu. Watu walipoamka, rafu zilikuwa tupu. Ilipita miaka hadi 2019 ndipo sehemu ya jengo lile ilipofunguliwa tena, nayo inaendeshwa na wakaazi wenyewe kwa kujitolea.

Upande mwengine wa nchi hiyo hiyo uko mji mdogo uitwao Stony Stratford. Mwezi wa Januari mwaka 2011 watu wake walisikia kwamba maktaba yao imo hatarini kufungwa. Hawakungoja. Walipeana khabari nyumba kwa nyumba, kila mmoja akachukua kadi yake, akenda kuazima vitabu vyote alivyoruhusiwa kuazima, navyo ni 15. Mzee aliazima, mtoto aliazima. Haikutimia muda mrefu vitabu vyote vya maktaba ile, vipatavyo 16,000, vikawa vimo majumbani mwa watu, na rafu zikabaki mbao. Hapana jiwe lililotupwa wala kioo kilichovunjwa. Kila kitabu kilitoka kwa haki, kimeandikwa jina la aliyekichukua na tarehe ya kukirudisha. Khabari ile ikatangazwa dunia nzima, na maktaba ile haikufungwa.

Sisi hatusemi kwamba rafu tupu peke yake ndizo zilizoiokoa, kwani mambo ya halmashauri yana milango mingi. Wala hatuwabezi watu wa Kensal Rise, waliokesha kwenye baridi kwa ajili ya vitabu. Heshima yao ni kubwa. Tunachosema ni kwamba wale walikuja kulinda baada ya kufuli kutiwa, na hawa walikwenda kuandikisha kabla ya kufuli kuletwa. Daftari la kuazima ni ushahidi ambao hapana afisa awezaye kuukana.

Turudi kwetu, Afrika Mashariki. Mwaka 1931 ilifunguliwa mjini Nairobi maktaba ya McMillan, jengo la fahari lenye sanamu za simba mbele ya ngazi zake, lililojengwa na mjane kwa ajili ya kumkumbuka mumewe. Jengo lilikuwa zuri, vitabu vilikuwa vingi, lakini mlango ulikuwa wa Wazungu peke yao, na ukabaki hivyo kwa zaidi ya miaka 25. Mwafrika aliyesaidia kulijenga taifa lile hakuweza kupanda ngazi zile kwenda kusoma gazeti. Mwaka 1962 maktaba ile ilikuwa mikononi mwa Halmashauri ya Jiji, ikawa ya watu wote.

Je, kufunguliwa mlango kulitosha? La hasha. Miaka ilipita, majengo yakachakaa, na pamoja nayo yakachakaa matawi yake ya Kaloleni na Makadara, mitaa ya watu wa kawaida. Mwaka 2017 wanawake wawili wa Kenya, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, waliunda jumuiya iitwayo Book Bunk kwa ajili ya kuzifufua maktaba hizo, wakishirikiana na serikali ya kaunti. Walianza kwa kazi isiyokuwa na tarumbeta: kuhesabu vilivyomo, kuandika orodha, na kuwauliza wakaazi wanataka nini katika maktaba yao. Kisha yakatengenezwa matawi yale mawili, yakafunguliwa upya, na watoto wa mitaa ile wakapata mahali pa kusomewa hadithi. Angalieni vizuri, ndugu zetu: na huko pia daftari lilitangulia, rangi ya ukuta ikafuata.

Na hapa visiwani petu? Jambo la maktaba si jambo la Muungano. Zanzibar ina shirika lake la huduma za maktaba, lina Maktaba Kuu mjini Unguja na lina tawi Pemba. Kwa hiyo hatuna wa kumsingizia aliye ng'ambo ya bahari. Hisabu hii ni yetu wenyewe, ya wenye kutoa fedha na ya wenye kusoma pia.

Tunajua yako maneno yatakayosemwa. Litasemwa kwanza kwamba siku hizi kila mtu ana simu, na ndani ya simu mna kila kitu. Simu ni neema, hatuikatai. Lakini simu inataka fedha za kununua intaneti kila siku, na mtoto wa mvuvi wa Nungwi au wa mama anayelima mwani Paje akikosa fedha hizo husoma nini? Kitabu cha maktaba hakimalizi chaji, na hakimwulizi msomaji amebakiwa na salio kiasi gani. Aidha katika simu mtu hupewa lile ambalo tayari analipenda. Mbele ya rafu hukutana na lile ambalo hakujua kwamba lipo.

Litasemwa pili, na hili hunong'onwa zaidi kuliko kusemwa, kwamba maktaba ni ya serikali, na kwa hiyo si pahala petu. Hili ndilo tunalolipinga kwa nguvu zetu zote. Tangazo la UNESCO juu ya maktaba za umma, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 1949 na kuandikwa upya mara ya mwisho mwaka 2022, linasema kwamba huduma za maktaba ni za watu wote kwa usawa, bila ya kutazama umri, kabila, dini, lugha wala hali ya mtu. Kwamba kimsingi ziwe bila ya malipo. Na kwamba vitabu visichujwe kwa sababu za siasa wala za dini. Kadi ya maktaba si kadi ya chama. Mwanachama wetu anayeikwepa maktaba kwa sababu ya siasa anajinyima haki yake kwa mkono wake mwenyewe. Na kwa mizani hiyo hiyo, siku moja yakija madaraka mikononi mwetu, haitakuwa halali kwetu kuigeuza maktaba kuwa baraza ya chama. Tunayaandika haya ili yabaki maandishi, tuje tuhukumiwe kwayo.

Litabakia la tatu, na hili lina haki ndani yake: kwamba rafu nyingi hazina vitabu vyetu. Visiwa hivi vimemzaa Muhammed Said Abdulla, aliyetuandikia “Mzimu wa Watu wa Kale”. Vimemzaa Mohamed Suleiman Mohamed wa “Kiu” na “Nyota ya Rehema”, Said Ahmed Mohamed wa “Utengano”, na Adam Shafi wa “Kuli” na “Vuta N'kuvute”. Vimemzaa Abdulrazak Gurnah, aliyepewa Tunzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya yake moja ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la “Peponi”, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Je, nakala ngapi za vitabu hivi zimo katika maktaba iliyo karibu nawe? Sadaka za vitabu kutoka ng'ambo zinasaidia, na shukurani ni wajibu. Lakini mhisani hutoa alichonacho, hatoi unachohitaji. Kitabu cha Kiswahili hakiletwi na mhisani wa mbali. Hununuliwa, na cha kununuliwa hutaka mtu wa kukiulizia.

Basi nini la kufanya? Hatutaki maandamano. Tunataka mambo matatu ambayo kila mwanachama anayaweza.

Kwanza, kabla ya mwezi huu kwisha, nenda katika maktaba iliyo karibu nawe ukajiandikishe, nenda na mtoto wako, na msitoke mikono mitupu. Azima kitabu, kisome, kirudishe kwa tarehe yake. Kitabu kisichorudishwa kimeibiwa jirani, si serikali.

Pili, kila ukikosa kitabu, usiondoke kimya. Kiulizie kwa jina lake na jina la mtungaji, na uombe iandikwe kwamba kimeulizwa. Mkutubi mwenye orodha ya vitabu 50 vilivyoulizwa na watu ana silaha ya kwenda nayo mbele ya wenye fedha. Mkutubi mwenye rafu za vumbi hana kitu.

Tatu, kila tawi letu, mjini na shamba, limteue mtu mmoja wa kuuliza kwa adabu na kwa maandishi: maktaba hufunguliwa saa ngapi na kufungwa saa ngapi? Inafunguliwa siku ambazo mchuma karafuu na mchuuzi wa samaki wanapata nafasi? Mwaka uliopita zilitengwa fedha kiasi gani za kununua vitabu, mbali na mishahara na rangi? Majibu yatakayopatikana tutayachapisha katika ukurasa huu, yawe mazuri au mabaya. Na yakiwa mazuri tutawapongeza waliohusika, kwani jema halina chama.

Yule mama mkutubi bado yupo mezani kwake, na kalamu yake ina wino. Siku akiulizwa tena vitabu hivi vinasomwa na nani, asiwe na haja ya kujibu kwa maneno. Afungue daftari, wasome majina yenu.