Mtihani wa Kiingereza Usiosikiliza Mtu

Mtoto anayemaliza darasa la saba katika shule ya serikali hapa Singida Mjini, iwe Misuna au Mandewa, amesoma hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Kwa bibi yake huenda anasema Kinyaturu au Kinyiramba. Akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Baada ya miaka minne anakaa saa 3 na karatasi ya Kiingereza: afupishe habari, arekebishe sentensi, aandike barua, ajadili riwaya na tamthilia. Hakuna anayemwambia afungue mdomo.

Kwa kuwa mtihani haumsikilizi, darasa nalo halimsikilizi. Mwalimu anayepimwa kwa ufaulu atafundisha kinachotoka. Ndiyo maana maswali ya fasihi yamejibiwa miaka mingi kwa uchambuzi wa kukariri, ule unaotolewa nakala na kupita mkono kwa mkono. Sasa simu janja yenye akili mnemba inauandika uchambuzi huo kwa bando la siku moja, na kwa Kiingereza safi kuliko cha wengi wetu.

Chumba cha mtihani hakiruhusu simu, ila usalama huo ni nusu tu. Upimaji endelevu una alama 30 kati ya 100 za kidato cha nne, na sehemu yake ni kazi ambazo mwanafunzi huenda nazo nyumbani. Insha ya nyumbani haimthibitishi tena mwandishi wake. Inayomthibitisha ni dakika chache za kumuuliza: ulimaanisha nini hapa, kwa nini unamlaumu mhusika huyu?

Nitajibiwa kwamba watahiniwa ni zaidi ya nusu milioni kwa mwaka, nani awahoji? Ni pingamizi zito. Kenya wamepitia njia ya mkato: karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, ina alama 60, na 30 kati yake ni za stadi za mazungumzo, zinazojibiwa kwa kalamu. Mtahiniwa anaandika jinsi ambavyo angetamka. Sitaki tuige hilo. Kifaransa hukohuko kina mtihani wa mdomo wa kweli, lakini wanaokifanya ni wachache.

Hapa Tanzania, teknolojia ilipoingia kwenye mtihani wa darasa la saba mwaka 2012, ilikuja kusahihisha: mtoto anatia kivuli kwenye herufi, mashine inasoma. Kazi inayohitajika zaidi leo ni kurekodi. Simu ya mwalimu inatosha kuhifadhi dakika 3 za mwanafunzi akizungumza. Alama ziingie katika zile 30 za upimaji endelevu, na wathibiti ubora wachague rekodi chache wazisikilize upya. Usahihishaji ubaki kwa mwalimu. Mashine iliyozoezwa kwa sauti za London au Chicago itamkata alama mtoto wa Singida kwa lafudhi yake, ilhali anaeleweka vizuri.

Mjadala wa lugha ya kufundishia haujaisha, na haki yake ni makala nyingine. Lakini toleo la 2023 la Sera ya Elimu limebakiza Kiingereza sekondari, na mtaala ulioanza Januari 2024 umekiweka kuwa somo tangu darasa la kwanza. Watoto walioanza nao, kwa elimu ya msingi ya miaka 6, watafika kidato cha nne mwaka 2033. Muda wa kuwafundisha walimu kurekodi na kusahihisha sauti upo, kama wataanza na kidato cha pili cha sasa.