Betri ya potasiamu na "maji" yake

Wadau, juzi mhariri mmoja alitaka niandike kwamba betri za potasiamu zimeimaliza lithiamu. Nikagoma, nikaambiwa najifanya profesa. Basi nayasema hapa kwangu.

Kweli, potasiamu ni tele: zaidi ya asilimia 2 ya ganda la dunia, lithiamu ikiwa kama asilimia 0.002 tu. Na mwaka 2015 watafiti walionyesha kuwa inaingia na kutoka kwenye grafaiti (kaboni ile ya penseli) kama lithiamu ifanyavyo.

Kasheshe iko kwenye elektroliti. Mtaani tungesema maji ya betri, ingawa humu hakuna maji: ni chumvi iliyoyeyushwa katika kimiminika kinachoweza kuwaka. Ukichaji mara ya kwanza, sehemu yake huvunjika na kuacha utando juu ya grafaiti. Utando huo ndio mlinzi. Lakini ioni ya potasiamu ni bonge. Grafaiti inavimba kwa karibu asilimia 60, utando unachanika, elektroliti inaliwa tena kuuziba. Rudia mara mia kadhaa uone.

Dawa mojawapo ni kuzidisha chumvi mpaka kimiminika kisibaki huru kuvunjika. Utando unaotokana na chumvi huwa imara zaidi. Safi. Ila chumvi zenyewe ni ghali, na elektroliti inakuwa nzito. Sasa ule unafuu wa potasiamu tuliokuwa tunaushangilia umebaki wapi?

Kwa hiyo mkiletewa habari hizo, ulizeni: elektroliti gani, imechajiwa mara ngapi, na kwenye joto gani? Mimi nilipouliza, chumba kizima kilinyamaza.