Ijibu Mahakama Kabla Haijafika kwa Mwajiri Wako

Jumapili baada ya ibada, hapa Louisville, Kentucky, watu hunifuata na bahasha. Mimi si mwanasheria. Ni mkalimani niliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na kazi ya kuwasomea wenzangu barua ilinijia yenyewe. Nilichojifunza katika bahasha hizo ni kwamba mshahara unaokatwa huku kwa ajili ya deni huwa umepotea mapema, siku ile mtu alipoiweka hati ya wito juu ya friji akaiacha hapo.

Kesi zinazonipitia zaidi ni za magari. Kijana amepata kazi kiwanda cha nyama, zamu inaanza alfajiri na basi hakuna, basi anachukua gari la mkopo lenye riba ya kutisha. Akichelewesha malipo, usiku mmoja gari linavutwa. Yeye anajiambia, wamechukua chao, tumemalizana. Kumbe gari linauzwa mnadani kwa bei ya chini, na kilichobaki kwenye mkopo, pamoja na gharama za kulivuta, kinarudi kwake kama madai mahakamani. Hapo sheria ina jambo la kumfaa: mkopeshaji alipaswa kumtaarifu kabla ya kuliuza gari, na kuliuza kwa njia inayokubalika kibiashara. Kama hakufanya hivyo, mdaiwa ana utetezi. Lakini jaji hawezi kumtetea mtu ambaye hajasema neno.

Mara nyingine anayeshtaki si hata yule aliyekukopesha. Madeni huuzwa kwa mafungu. Mwaka 2013 tume ya serikali kuu inayosimamia biashara, FTC, ilikuta kampuni zinazonunua madeni zikilipa wastani wa senti 4 kwa kila dola ya deni. Mnunuzi wa namna hiyo anaweza kuja na jina lako na jumla ya pesa, bila mkataba wala hesabu kamili. Ukimtaka athibitishe, inabidi atafute ushahidi. Ukinyamaza, mara nyingi haulizwi. Taasisi ya Pew iliripoti mwaka 2020 kwamba katika maeneo yaliyokuwa na takwimu, zaidi ya asilimia 70 ya kesi za madeni ziliisha kwa hukumu ya upande mmoja. Kwangu huo ni ushindi wa mezani, na nauona ni aibu kwa mahakama zinazotuma wito wa Kiingereza kwa watu zinaojua hawakisomi.

Hapa Kentucky hati ya wito inakupa siku 20 za kujibu, tangu siku uliyokabidhiwa. Ohio ni siku 28 katika kesi za kawaida za madai, na mahakama ndogo za Texas ni 14, kwa hiyo usihesabu kwa kalenda ya shemeji yako wa jimbo jingine. Majibu si insha. Unaandika namba ya kesi, kisha kwa kila aya ya madai unasema unakubali, unakana, au huna taarifa za kutosha. Usidanganye, kama deni ni lako ila hesabu si sahihi, sema hivyo hivyo. Taja na utetezi wako: ulishalipa, deni si lako, limepitwa na muda wa kisheria, gari liliuzwa bila taarifa. Nakala moja kwa karani wa mahakama, nyingine kwa wakili wa mdai, na yako igongwe mhuri.

Mama mmoja alimpigia simu wakili wa mdai, wakapatana alipe dola 50 kwa mwezi, akalala usingizi. Mahakama haikuandikiwa chochote, na hukumu ikatoka huku akilipa. Simu haisimamishi siku za mahakama. Hata barua ya kulipinga deni kwa mkusanyaji, ambayo sheria ya mwaka 1977 inakupa siku 30 kuiandika, haichukui nafasi ya majibu ya kesi.

Hukumu ikishatoka, mdai anaweza kumfikia mwajiri wako. Sheria ya shirikisho inaruhusu kukata hadi robo ya mshahara unaobaki baada ya makato ya lazima kama kodi, au kile kinachozidi dola 217.50 kwa wiki, chochote kilicho kidogo. Anayebakiwa na dola 720 kwa wiki anaweza kukatwa 180. Kodi ya nyumba na pesa unayomtumia mama yako kule Uvira hazihesabiwi kama makato ya lazima. Texas, Pennsylvania na Carolina zote mbili haziruhusu kwa kawaida mshahara kukatwa kwa madeni ya namna hii, ila akaunti ya benki si salama huko pia. Na mwajiri haruhusiwi kukufukuza kwa sababu ya makato ya deni moja.

Najua kinachotukimbiza. Tumetoka mahali ambapo karatasi yenye mhuri wa serikali haileti heri. Wazee huniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wakinifunga, watoto watabaki na nani?" Nawajibu: mzee, hii ni kesi ya madai, hakuna anayefungwa kwa kushindwa kulipa deni la gari. Anayejitafutia matatizo ni yule anayepuuza amri ya jaji. Mahakamani mkalimani wa Kiswahili hulipwa na serikali, mwombe mapema.

Viongozi wa jumuiya zetu, nawasema kwa upendo: msiba ukitokea mnachangisha maelfu ya dola kwa siku mbili. Basi tengeni jioni moja kila wiki, ukumbini au kanisani, watu waje na bahasha zao, na mwiteni wakili wa msaada wa kisheria. Shirika la Legal Aid Society hapa mjini huwahudumia bure wenye kipato kidogo. Na wewe mwenye karatasi nyumbani, angalia leo tarehe uliyoipokea, uhesabu siku zilizobaki.