GARI LA UMEME: JE, TUTATOSHEA SOTE?

Kwetu Kangemi kuna ubishi mkali. Baba anataka kununua gari, naye kakangu ameshikilia ni lazima liwe la umeme. Mimi nasema, tupige hesabu kwanza.

Kakangu ana hoja. Petroli ni ghali. Tena umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hutokana na mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Tangu 2022 mabasi ya umeme yanabeba abiria hapa Nairobi, na hayatoi moshi.

Lakini sisi tuko saba, pamoja na nyanya ambaye magoti humsumbua. Nissan Leaf ina viti 5. Je, wawili wabaki stejini? Toyota Noah ina viti 7 au 8, ingawa hunywa petroli. Isitoshe, tumepanga nyumba ghorofa ya nne. Waya ya kuchajia itashukaje hadi chini? Na betri ikizeeka, gari haliendi mbali kama zamani.

Jamani, pesa zenyewe ni za mkopo, na karo yetu inatoka mfuko huo huo! Mtu hujikuna ajipatapo. Maoni yangu ni tununue gari litakalotutosha sote, na siku za kazi baba aendelee kupanda matatu hadi tauni. La umeme tutalinunua siku ploti yetu itakapokuwa na mahali pa kuchaji. Nyanya asiachwe nyuma kwa sababu ya fasheni.