Takataka za Kahawa ni Mali



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe shauri langu kwa wanafunzi wenzangu na kwa wazee wetu waliosoma hapa zamani.

Toka Buraza hadi Muyinga, msimu wa kahawa ukiisha hubaki marundo ya maganda. Waswahili husema akiba haiozi, lakini yetu inaozea nyuma ya mashine za kukoboa. Na huku mafundi wanaotia rangi nguo na nyuzi za vikapu humwaga maji yao mtaroni. Mvua ikinyesha, maji hayo huingia vijitoni, na vijito vyetu vingi huishia mto Ruvubu, ambao huungana na Nyabarongo kuwa Kagera, ukaenda hata ziwa Viktoria. Rangi huzuia mwanga usifikie mimea ya majini, na baadhi ya rangi za viwandani zikivunjika hutoa sumu.

Mimi nasema maradhi na dawa vyote viko uani kwetu.

Mwaka 1785 Tobias Lowitz, mkemia wa St. Petersburg, aligundua ya kuwa mkaa huondoa rangi katika maji. Siku hizi hutengenezwa mkaa amilifu, yaani mkaa wenye vitundu vingi mno visivyoonekana kwa macho. Maganda huchomwa pasipo hewa, kisha hupitishiwa mvuke katika joto la nyuzi 800 hadi 1000. Ama hulowekwa kwanza katika asidi ya fosfori, yakachomwa kwa nyuzi 400 hadi 600. Ukihesabu kuta za vitundu vyote, gramu 1 yaweza kuwa na eneo la meta za mraba 1000. Katika kuta hizo ndimo rangi inamonata.

Wako watakaosema, "Mkaa ni mkaa, tusage wa jikoni." Likizo iliyopita nilijaribu. Maji ya buluu yalififia kidogo tu, tena yakajaa vumbi jeusi, dada yangu akacheka sana. Nilistahili kuchekwa, kwani mkaa wa jikoni hauna vitundu vya kutosha. Wengine watasema maganda ni mbolea. Ni kweli, na ya shamba yarudi shambani kwanza. Mimi nasemea yale yanayotupwa.

Wala tusidanganyane. Maji maangavu si lazima yawe maji salama, maana mkaa hunasa rangi lakini hauui vijidudu. Na mkaa uliokwisha shiba rangi usitupwe mtoni, ama tutakuwa tumehamisha uchafu tu.

Basi shauri langu ni hili. Walimu wetu wa kemia watuongoze, kwani asidi si mchezo wa watoto. Wazee wetu wenye mashine watupe gunia moja la maganda, na fundi wa rangi atupe ndoo moja ya maji yake. Sisi tupime na kuandika: mkaa gramu ngapi, maji kiasi gani, dakika ngapi. Tukifaulu, tumwonyeshe fundi yule. Tukishindwa, tuandike hivyo hivyo katika gazeti hili, wenzetu wa mwaka ujao waanzie tulipokwama.

Majina ya asidi tumeyakariri vya kutosha kwa ajili ya mtihani. Elimu isiyovuka ukuta wa shule yamfaa nani?

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Sayansi, Buraza